Kiwiko cha Kushoto

Timișoara, 12 Januari

Mama mkubwa mpendwa,

Nakubusu mkono. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo tu. Paka amenenepa na ananidharau. Natumai kuni zimetosha na Joiana ameacha kupiga ndoo teke unapomkamua.

Najua hukuniuliza kuhusu siku ya arobaini ya Baba mkubwa, na ulivyo wewe hutaniuliza. Ilikuwa wiki ya oda za Krismasi. Nitakueleza siku nyingine.

Sasa habari ya duka. Unamkumbuka yule mama wa Craiova aliyenunua blauzi ya kutarizi, ile ya mikono ya bluu? Aliniandikia kwamba mabega yanambana, eti kipimo kimekosewa, arudishiwe pesa zote. Unajua sheria ya soko la mtandaoni: kitu kilichoshonwa kwa kipimo cha mtu hakirudishwi, ila kikiwa na kasoro. Kwa hiyo watu hubuni kasoro. Nikamwambia airudishe niione. Imefika. Nikaikunjua mezani, inanuka manukato, na kifuani, Mama mkubwa, bado imebanwa ile kanda ndogo yenye msalaba wanayowavalisha wageni kwenye ubatizo! Hata jina la mtoto lipo, na tarehe. Alicheza ngoma nayo usiku kucha, asubuhi ikawa inambana.

Nikampigia picha ile kanda, nikamwandikia: "Hongera ya mtoto. Blauzi yako nakutumia tena kesho." Wenye soko wakanipa haki mimi.

Tangu hapo nimejifunza. Anayeomba kurudishiwa pesa, namwona mwongo mpaka athibitishe vingine. Katika duka la mtandaoni huwezi kumwona mtu machoni, unaona maneno tu, na maneno ni bure.

Nimeweka humu lebo kumi na moja za anwani na karatasi ya vipimo. Wewe fungasha kama kawaida, Saveta wa posta achukue, na risiti unirudishie. Nazitia kwenye kopo la biskuti. Ningepiga simu, lakini najua mpaka upande kule kwenye msalaba wa kilimani ndipo mtandao ushike, na kwa theluji hii sitaki.

Mtoto wako,
Otilia


Dealu Mierlei, 27 Januari

Mwanangu Otilia,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Theluji imefika kwenye dirisha la zizi. Joiana hapigi tena teke, nadhani amechoka kama mimi. Kwa kikohozi chako chemsha yale maua makavu niliyokufungia kwenye mfuko wa kitani, na usitoke na nywele mbichi.

Nilicheka kwa hiyo kanda ya ubatizo. Saveta nilimsimulia, akasema, "Mwache mama wa watu, angalau alikwenda kanisani." Saveta unamjua.

Vifurushi tisa vimekwenda. Viwili bado, kwa sababu uzi wa kijivu uliisha nikangoja wa Pintilie, na Pintilie akitaka kukuuzia uzi lazima kwanza akueleze habari za magoti yake.

Nataka kukuuliza neno. Huyo mteja wa nne, Bwana Dobrotă wa Galați, vipimo vyake alijipima mwenyewe? Kifua mia na kumi na mbili, mkono sitini na nne, shingo arobaini na tatu. Ni mtu wa umri gani? Anafanya kazi gani? Kama hujui si neno, nauliza tu.

Jioni nafuma nikiwa nimewasha redio. Nimeiacha pale pale kwenye stesheni ya Baba yako mkubwa, ingawa wanaongea mpira tu na sielewi kitu.

Jifunike vizuri.

Mama yako mkubwa,
Glicheria


Timișoara, 11 Februari

Mama mkubwa,

Nakubusu mkono. Kikohozi kimepona kwa maua yako. Bomba la maji la jirani wa juu lilipasuka likanilowesha dari, lakini limetengenezwa. Uzi ukiisha tena niambie, nitanunua huku, tusimtegemee Pintilie na magoti yake.

Vipimo vya Dobrotă alijipima mwenyewe. Umri sijui. Kazi sijui. Ninachojua ni kwamba ni mwongo.

Soma alivyoniandikia: "Bibi, mimi nilinunua sweta mpya. Nimepata sweta kuukuu iliyovaliwa na mtu, inanuka tumbaku, kiwiko kimetiwa kiraka. Nataka pesa zangu na sirudishi kitu mpaka nizione." Ametuma na picha. Nimeichapisha, iko humu. Itazame.

Unaona wanavyofanya? Ananunua mpya, anapiga picha kuukuu yake ya kabatini, anabaki na mpya na pesa. Nakshi ya matawi ya msonobari kifuani inafanana na yako, lakini nani huko milimani hafumi matawi ya msonobari? Nilimjibu: "Bwana, anayefuma sweta zetu ana miaka sitini na tisa na hajawahi kumdanganya mtu hata uzi mmoja. Tafuta mjinga mwingine." Naye akanijibu: "Mjinga nimeshampata, ndiye aliyenunua kwako." Kisha akafungua malalamiko kwa wenye soko.

Mama mkubwa, hapa sicheki. Desemba nilipata alama mbili za makosa, kifurushi kimoja kilichopotea na kimoja kilichochelewa. Ya tatu wanafunga duka. Si kwa mwezi mmoja, wanalifunga moja kwa moja. Nimeacha kiwanda cha nyaya kwa ajili ya duka hili, na sitarudi kusimama kwenye ule mstari wa mashine kwa saa nane na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Uamuzi ni tarehe thelathini na moja Machi. Nakuomba uniandikie maneno mawili na kuyatia sahihi: "Sweta hii si niliyoituma." Basi, hayo tu.

Jambo jingine dogo. Bi Cezarina Pavel wa Ploiești, yule wa shali, ameuliza kuhusu kofia kuukuu na mshumaa alivyovikuta ndani ya boksi. Nilimwambia avitupe, nadhani ulitumia kujazia nafasi. Tafadhali tumia magazeti, watu wa mjini wanachukizwa na vitu vya namna hiyo.

Nangoja maneno mawili.

Otilia


Dealu Mierlei, 6 Machi

Mwanangu,

Unisamehe kwa kuchelewa. Hapakuwa na ugonjwa. Theluji imeanza kuyeyuka na njia ni matope hadi kwenye goti. Saveta alipita siku mbili tu katika wiki mbili. Joiana yuko karibu kuzaa. Plamu iliyo nyuma ya ghala imevunjika tawi kubwa, lile ulilokuwa ukikalia ukiwa mdogo, unakula mbichi kisha unalia tumbo. Baba yako mkubwa alikuwa akikwambia, "Otilia, plamu ikiwa kijani maana yake bado inafikiri." Sijui kwa nini nimekumbuka hilo leo.

Nimefuma jozi sita za soksi. Kwaresima imeanza, nala maharage na ugali, na kabichi ya pipa ingali nzuri.

Hiyo picha haionekani vizuri. Macho yangu unayajua.

Huyo bwana mlipe tu, mwanangu. Mlipe na umwache abaki nayo. Asiirudishe.

Magazeti huku hayapatikani tena, tangu Baba yako mkubwa hayupo hakuna wa kuyanunua.

Glicheria


Timișoara, 13 Machi

Mama mkubwa,

Nakubusu mkono. Niko salama.

Nikimlipa bila kujitetea, ni sawa na kusema tumetuma kuukuu. Hiyo ndiyo alama ya tatu. Niliandika hivyo mwezi uliopita, na wewe unanijibu kuhusu tawi la plamu.

Jana nilimwaga kopo la biskuti mezani nikatafuta risiti ya Galați. Posta wanapima kila kifurushi, hilo tumelisahau sote wawili. Sweta ya kiume ya kipimo kile, na boksi, na kamba, ni kilo moja na kidogo. Risiti inasema kilo mbili na gramu mia moja.

Nikazitazama na nyingine. Ploiești, shali, ambayo ni nyepesi kama pumzi: gramu mia tisa. Oradea, soksi jozi mbili: uzito kama wa jozi tatu. Brașov hivyo hivyo. Kati ya vifurushi tisa, vitano vina uzito ambao mimi sikuuuza.

Ulitia nini ndani ya maboksi?

Sikuulizi kama mwenye duka. Au ndiyo, nakuuliza kama mwenye duka, kwa sababu nimekuuliza kama mtoto wako na hukunijibu. Kama kifurushi kile kilikuwa na sweta mbili, basi Dobrotă anayo mpya na amepiga picha ile nyingine, na kwa risiti hii namshinda. Lakini lazima ujue, nitakachowaandikia wenye soko kitasomwa na watu nisiowajua. Niambie ukweli kabla sijaandika.

Zimebaki siku kumi na nane.

Otilia


Dealu Mierlei, 25 Machi

Mwanangu Otilia,

Leo ni sikukuu ya Bikira kupashwa habari. Tumeruhusiwa samaki, Saveta ameniletea mmoja, nami nimempa barua hii aipeleke leo leo mjini bila kungoja gari la Jumatatu. Amesema, "Glicheria, umeanza kuandikiana na mchumba?" Nikamwambia ndiyo. Joiana amezaa ndama jike, mwekundu, mwenye nyota kwenye paji la uso.

Nitakwambia, ila usinikatize, maana kwenye barua huwezi.

Unajua ilivyo. Nguo ya marehemu hutolewa mkono kwa mkono, na mshumaa unawaka, na anayepokea anasema "Mungu amsamehe," ndipo yeye huko aliko anakuwa na cha kuvaa. Siku ya arobaini nilianza na koti lake la kahawia. Nilimpa Pintilie. Alilipokea vizuri, alisema maneno, akala, akanywa, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nikaliona lile koti likipita nyuma ya ua, bega la kulia limeshuka kidogo kama siku zote, maana lilikwishachukua umbo lake. Nilitoka mbio na soksi tu, juu ya theluji, nikaita, "Toader! Toader, ulikuwa wapi, supu imepoa!" Pintilie akageuka. Maskini hakujua afanye nini. Akavua kofia akasema, "Dada Glicheria, mimi siye. Lakini kama supu ipo, nitaingia." Tukacheka wote wawili, kisha nikaingia ndani nikakaa sakafuni hadi jioni, na Joiana alilia bila kukamuliwa.

Basi sikuweza kumpa mtu mwingine hapa kijijini. Kila njia ningekutana naye. Shati lake kanisani, buti zake dukani. Na kuziweka kabatini sikuweza vilevile, kwa sababu nilimwona huko katika baridi.

Ndipo zikaja lebo zako. Oradea, Brașov, Ploiești, miji ambayo sitafika. Nikafikiri, hawa ni watu, wana miguu na vichwa, watavaa, na mimi sitaona. Niliweka kitu chake kimoja kimoja katika maboksi matano, juu ya kitu walichonunua. Mshumaa niliuwasha kwanza, nikasema jina lake, nikauzima, nikauweka ndani. Nilidhani watajua. Nani asiyejua mshumaa, Otilia? Sikufikiri kwamba mtu anayefungua boksi alilolipia anatafuta kasoro, hatafuti mtu.

Na huyo wa Galați. Kifua mia na kumi na mbili, mkono sitini na nne, shingo arobaini na tatu. Nimefuma vipimo hivyo miaka thelathini na minane, sihitaji karatasi. Nilipovisoma niliinuka kwenye kiti. Nikampa ile sweta ya Jumapili. Mpya yake ilikuwa chini, imefungwa kwa karatasi nyeupe. Kwa hiyo ndiyo, anazo mbili, na amesema uongo.

Lakini mimi nakuomba, usimshinde kwa namna ambayo ataambiwa airudishe. Iliyotolewa kwa ajili ya marehemu hairudi. Ikirudi, huko anavuliwa. Najua mjini mnasema haya ni maneno ya wazee. Funga duka kama ni lazima, nitafuma soksi za soko la Jumamosi, au sitafuma.

Nimekuharibia kazi. Sikukwambia kwa sababu ungeuliza kwa nini sikungoja uje.

Glicheria


Timișoara, 10 Aprili

Mama mkubwa,

Nakubusu mkono. Mpe ndama jina zuri, asiitwe tena kwa siku aliyozaliwa, kama Joiana wa Alhamisi. Hapa mti ulio mbele ya dirisha umechanua, na mimi nimeanza kulala kidogo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, koti mwilini. Nilikuwa na siku mbili.

Na mimi nitakwambia, usinikatize.

Ile picha ya Dobrotă, tangu siku ya kwanza nilikijua kiwiko. Kiwiko cha kushoto. Nani mwingine huchakaza cha kushoto peke yake? Aliegemea mezani kila Jumapili jioni akisikiliza mpira, mkono wa kulia kwenye kitufe cha redio, na wewe ukamtilia kiraka mara tatu kwa uzi ambao haukulingana kabisa. Nilikitambua, nikasema sikitambui. Nikakutumia picha ili useme wewe. Ungesema ndiyo, basi angekuwa amekufa kweli. Sikuja mazishini kwa sababu ya homa, hiyo ni kweli. Arobaini sikuja kwa sababu ya oda, na hiyo si kweli. Oda ningeziacha. Nilinunua hata tiketi. Nilifika stesheni nikasimama mbele ya treni mpaka ikaondoka. Nilijua nikifika nitakuta kiti chake kitupu, na nikiwa huku, kwangu bado anasikiliza mpira.

Na hasira yangu ya Machi haikuwa ya alama tatu. Nilipoona uzito wa zile risiti nilielewa. Nikajiambia: wageni watano wamepata vitu vyake, watu wa Oradea na Brașov, na mimi aliyenilea tangu mama afe sikupata hata soksi moja.

Nilimwandikia Dobrotă, si wenye soko. Nilimtumia picha ya risiti na maneno haya: "Bwana, posta imepima kilo mbili na gramu mia. Unazo mbili, wewe unajua na mimi najua. Ya zamani ni ya marehemu aliyenilea. Mjane wake aliitia ndani kwa sababu vipimo vyako ni vyake. Hiyo si ya duka, siidai, na hakuna wa kukudai. Mpya ndiyo ya duka. Baki nayo bila kudai pesa, au irudishe. Nangoja hadi kesho saa sita mchana, kisha nampa risiti anayehusika."

Asubuhi ya tarehe thelathini na moja niliandika malalamiko yangu yote, nikaambatanisha risiti, nikaweka kidole tayari. Mama mkubwa, ningeituma. Nataka ujue hilo. Ningeituma, na sweta ingerudi, na ungenisamehe kwa mdomo tu.

Saa tano na nusu malalamiko yake yakafutwa.

Jana kikafika kifurushi. Mpya, ndani ya karatasi nyeupe, haijafunguliwa hata kamba. Na karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Ile kuukuu ina joto zaidi. Mungu amsamehe. Nilikuwa na mwaka mbaya." Pesa zake nimemrudishia zote. Kwenye duka ametuachia nyota tatu kati ya tano, na maneno: "Huduma ya polepole." Yamebaki pale, kila mtu anayasoma.

Duka lipo. Lakini ile kofia ya Ploiești, nilimwambia mtu aitupe. Ilikuwa ile ya manyoya, siyo? Sijathubutu kumuuliza alifanya nini.

Otilia


Dealu Mierlei, 19 Aprili

Mwanangu,

Kristo amefufuka! Pasaka imepita kwa amani. Nilipaka mayai kumi na mawili, nikagawa kumi. Ndama tumemwita Steluța, kwa ile nyota. Saveta anasema nimekonda, Pintilie anasema nimenenepa, kwa hiyo niko vile vile.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ulivyosimama stesheni, sikujua. Laiti ningejua, ningekwambia kwamba hata mimi sijakitazama kile kiti. Nimekitundikia aproni.

Swali lako nitalijibu, maana hatuna tena cha kufichana. Ndiyo, ya manyoya. Ilikuwa yako. Siku ya arobaini niliiweka mezani mahali pako, karibu na sahani, na mshumaa juu ya mkate. Alikuwa akikuvika njiani kwenda shule, ikakufunika hadi puani, nawe ukatembea ukimshika mkanda kama kipofu. Nikasema atakuja, nitampa hiyo. Watu walikula, wakaondoka. Mshumaa ulikwisha. Niliungoja uzime wenyewe.

Mwezi uliofuata nikaona lebo ya Ploiești. Treni yako ukija kwetu hupita Ploiești. Nikafikiri kwa akili yangu, basi angalau iwe njiani.

Sikuandikii haya ili ulie. Muulize huyo mama. Akiwa ameitupa, ameitupa. Kichwa cha Baba yako mkubwa kilikuwa moto siku zote, atavumilia.

Tarehe tisa Mei ni nusu mwaka tangu atutoke. Nitapika ngano ya kumkumbuka.

Glicheria


Ploiești, 7 Mei

Mama mkubwa,

Nakubusu mkono. Barua hii naiandikia stesheni na nitakuletea mwenyewe. Nitaiacha mezani niende kumwona ndama, wewe uisome, kisha uniite. Mbele yako sitaweza kuyasema.

Nilimpigia Bi Cezarina simu. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza: "Binti, wewe uliniambia nitupe. Boksi lina mshumaa uliokwisha kuwashwa, mimi nitupe? Kwani nimezaliwa mwezini? Nilisema maneno, na kofia nikampa Bwana Iordache, mlinzi wa maegesho ya magari hapa kwetu. Masikio yake yalikuwa yameganda." Kisha akasema, "Na shali yako imechanika pembeni, lakini nimeona haya kulalamika." Nimemwahidi nyingine.

Leo nimeshuka. Nimemkuta Bwana Iordache kwenye kibanda chake, Mama mkubwa, ni mzee mfupi, mwembamba, hafanani na Baba mkubwa hata kidogo. Kofia inamfika kwenye nyusi. Mwezi wa tano, jua kali, na bado ameivaa. Nikasimama mbele yake. Akasema, "Binti, gari lako liko wapi?" Nikasema sina gari. "Sasa umekuja kuegesha nini?"

Sikuiomba. Nilikuwa nimeichukua ile sweta mpya iliyorudi kutoka Galați, kwenye mkoba wangu, na mshumaa nilioununua hapa kanisani. Upepo uliuzima mara mbili. Yeye akauzungushia mkono, akanishikia, bila kuuliza. Nikampa mkononi. Nikasema jina: Toader.

Alivua kofia kwanza. Akasema, "Mungu amsamehe," kisha akaivaa tena, akaikunjua sweta na kujipima juu ya koti lake. Mikono ilimpita vidole. Akacheka: "Alikuwa mtu mkubwa huyu."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia, na akikaa mezani aliegemea kiwiko cha kushoto, kwa hiyo hicho ndicho utie kiraka kwanza.

Treni imeingia. Niko kwenye behewa la pili, upande wa dirisha.

Otilia